Bendi Kubwa za Jazi Baada ya Enzi ya Dansi

Bendi kubwa ya jazi ilizaliwa kwa ajili ya wacheza dansi. Katika miaka ya 1930 kumbi za Marekani zilifurika vijana, na kiongozi wa bendi aliweza kuajiri wanamuziki kumi na watano kwa sababu viingilio vya umati ule vililipa mishahara. Neema hiyo haikudumu. Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiligoma kurekodi santuri. Mwaka 1944 serikali ikazitwisha kumbi za dansi kodi nzito. Gharama za safari zikapanda, na mashabiki wakahamia kwa waimbaji. Mwishoni mwa 1946 Benny Goodman, Harry James, Tommy Dorsey na Woody Herman walizivunja bendi zao karibu kwa wakati mmoja.

Hata hivyo palikuwa na watunzi waliotaka msikilizaji aketi na kusikiliza. Duke Ellington alikuwa ametangulia: Januari 1943, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, alipiga Black, Brown and Beige, utunzi mrefu kuhusu historia ya Wamarekani weusi. Kutoka California alikuja Stan Kenton, aliyeanzisha okestra yake mwaka 1941 na ambaye kufikia 1947 aliuita muziki wake jazi ya kimaendeleo. Mpangaji wake mkuu wa muziki, Pete Rugolo, alikuwa amesoma kwa mtunzi Mfaransa Darius Milhaud. Mwaka 1950 Kenton alizunguka Marekani na wanamuziki wapatao arobaini, wapiga fidla wakiwamo, na ziara ikamtia hasara kubwa. Mwaka uliofuata alirekodi City of Glass ya Bob Graettinger, muziki wenye sauti zinazogongana kiasi kwamba hata mashabiki wake wengi walishindwa kuufuata. Wakosoaji walimlaumu Kenton kwa kelele na majivuno, na mara nyingine walikuwa na haki. Lakini ni viongozi wachache waliokuwa tayari kulipa watu arobaini wapige kazi isiyo na soko, na Graettinger, aliyefariki mwaka 1957 akiwa na umri wa miaka 33, asingesikika bila yeye.

Gil Evans, mzaliwa wa Toronto, alishika njia ya upole. Bendi za awali zilipanga tarumbeta, tromboni na saksafoni katika makundi yaliyojibizana. Evans aliyavunja makundi hayo: alichanganya filimbi, tuba na tarumbeta iliyozibwa mdomo katika mseto mmoja, hata sikio likashindwa kujua sauti inatoka wapi. Santuri alizofanya na Miles Davis kati ya 1957 na 1960, hasa Miles Ahead na Sketches of Spain, zinabaki kipimo cha ufundi huo.

Mwaka 1960, mataifa 17 ya Afrika yalipojipatia uhuru, mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn alitunga Uhuru Afrika, kazi ya sehemu nne kwa bendi kubwa, waimbaji na wapiga ngoma. Kuipanga alimkabidhi Melba Liston, mpiga tromboni mzaliwa wa Kansas City aliyekwisha kupigia bendi za Gerald Wilson na Dizzy Gillespie, wakati mwanamke mwenye tromboni alipoonekana kioja. Liston hakuacha ala za shaba zizifunike ngoma. Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Kuba, pamoja na Max Roach, wanasikika kila mmoja mahali pake, na huo ni ustadi unaostahili sifa kuliko alizopewa akiwa hai. Maneno yaliandikwa na Langston Hughes. Weston alitaka lugha ya Waafrika wenyewe, si ya mkoloni, akachagua Kiswahili. Shairi la Hughes likasomwa kwa lugha hiyo na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, nchi iliyokuwa bado ikingoja uhuru wake. Mwaka 1964 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo.

Kufikia hapo hapakuwa tena na ajira ya kila usiku. Februari 1966 mpiga tarumbeta Thad Jones na mpiga ngoma Mel Lewis walianza kupiga kila Jumatatu katika klabu ya Village Vanguard, New York. Jumatatu wanamuziki wengi hawakuwa na kazi, kwa hiyo mafundi waliotegemea studio kwa riziki walikuja kwa malipo kidogo kwa sababu waliupenda muziki ulioandikwa pale. Bendi hiyo iliendelea hata baada ya Jones kuhamia Denmark na Lewis kufariki mwaka 1990.

Toshiko Akiyoshi, Mjapani mzaliwa wa Manchuria, aliunda okestra yake Los Angeles mwaka 1973 akishirikiana na mumewe, Lew Tabackin. Katika Kogun ya 1974 aliingiza ngoma ya tsuzumi na sauti za tamthilia ya Noh, akimkumbuka askari wa Kijapani aliyejificha msituni Ufilipino karibu miaka thelathini baada ya vita.

Maria Schneider, aliyekuwa msaidizi wa Evans na mwanafunzi wa Bob Brookmeyer, alipata jibu jipya kwa swali la nani alipe. Albamu yake ya 2004, Concert in the Garden, ilifadhiliwa na wasikilizaji wenyewe kupitia mtandao wa ArtistShare, na ikashinda tuzo ya Grammy bila kuuzwa katika duka hata moja.