Vihisi Visivyo na Waya: Matumizi ya Betri

Mtandao wa vihisi usio na waya ni kundi la vifaa vidogo vinavyopima hali ya mahali, kama unyevu wa udongo au joto la ghala, na kupeleka vipimo kwa redio hadi kituo kikuu. Katika mashamba ya mahindi na ngano yanayozunguka Eldoret, katika kaunti ya Uasin Gishu, kihisi huwekwa mbali na nguzo za umeme, hivyo uhai wake ni uhai wa betri yake. Wengi hudhani dawa ni betri kubwa zaidi. Hesabu yaonyesha vingine. Redio ya CC2420, iliyotumika sana katika utafiti wa miaka ya 2000, hula miliampea 17.4 inapotuma kwa nguvu zake zote, na 18.8 inaposikiliza tu: kungoja ujumbe ambao haujaja ni ghali kuliko kuutuma. Betri yenye akiba ya miliampea-saa 2,500 huisha kwa siku tano na nusu redio ikiachwa wazi; ukiiongeza ukubwa maradufu, umepata siku kumi na moja. Redio ikiamka asilimia moja tu ya muda, betri ileile ya kwanza yaweza kupita mwaka, na mahindi ya Uasin Gishu yakawa yamepandwa na kuvunwa. Ndiyo maana itifaki ya S-MAC ya mwaka 2002 huvipangia vihisi jirani saa ileile ya kulala na kuamka, ili mtumaji amkute mpokeaji yu macho.

Hata hivyo, jua la ikweta si la bure? Vituo vya hali ya hewa vya mradi wa TAHMO barani Afrika, vingi vikiwa shuleni, hutumia sola vizuri kwa kuwa vimesimama mahali pa wazi. Kihisi kilicho kati ya mistari ya mahindi hufunikwa na majani Julai na Agosti, mawingu na mvua vinapozidi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kihisi kilicholala huchelewesha habari. Kwa udongo, kipimo cha kila nusu saa chatosha. Moto ghalani haungoji. Hapo kipimajoto, ambacho hula umeme kidogo mno, kibaki macho na kuiamsha redio joto likivuka kiwango, huku kituo kikuu kilichochomekwa kwenye umeme wa ghala kikibeba gharama ya kusikiliza usiku na mchana.