UJUE MJI ULIOJIFICHA CHINI YA NYUMBA ZA WATU HUKO UTURUKI

Wadau, watu wengi wanafunga safari mpaka Kapadokia, Uturuki, wanapanda puto, wanapiga picha, wanarudi zao. Kumbe mambo yenyewe yako chini ya miguu yao!

Mwaka 1963, kwenye mji wa Derinkuyu, jamaa mmoja alikuwa anakarabati nyumba yake. Kubomoa ukuta, akakuta chumba. Chumba kina njia, njia inashuka, inazidi kushuka. Ukawa mji mzima!

Mji huo unashuka kama mita 85, na inakadiriwa ungeweza kuficha watu 20,000 na mifugo yao. Humo kuna mazizi, maghala, majiko, kanisa na shimo la hewa la mita 55. Milango ni mawe ya duara yanayoviringishwa na kufungwa kwa ndani tu. Adui akija, anagonga mwamba, literally hana pa kupita.

Waliwezaje? Miamba ya kule ni majivu ya volkano yaliyoganda, laini kuchonga. Ila majina ya mafundi hakuna anayeyajua, hata mmoja.

Enzi za Wabizanti, Wakristo waliupanua na kujificha humo majeshi ya Waarabu yalipovamia. Karne zikapita, tawala zikabadilika, na hata mwaka 1909 wapo watu wa Kapadokia walioshuka kujificha kwenye vyumba vya chini kama hivi baada ya kusikia habari za mauaji ya Adana.

Sasa hapa ndo panauma. Mwaka 1923 Uturuki na Ugiriki zilikubaliana kubadilishana watu kwa kufuata dini. Wakristo zaidi ya milioni moja wakahesabiwa kuwa wa Ugiriki, Waislamu kama laki nne wakapelekwa Uturuki. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Yale mawe yalizuia majeshi, ila mkataba uliosainiwa mbali huko hayakuuweza. Wenye kuzijua njia za chini wakaondoka nazo kichwani.

Ndo maana miaka 40 tu baadaye, mji ambao watu waliutumia juzijuzi ukaonekana "umegunduliwa". Mwaka 1969 ukafunguliwa kwa watalii. Ukienda, jiandae kuinama sana, njia ni finyu balaa.

Haya, na mtaani kwenu je? Kuna pango au handaki ambalo wazee wanalitajataja? Kawaulize leo, wakiwa bado wapo.