Mtoto wa Nyoka

Mtoto wa nyoka ni nyoka, walinena wahenga, na fikra hiyo haikuwa ya Waswahili peke yao. Mwaka 1916 daktari Ernst Rüdin wa Munich, Ujerumani, alichapisha utafiti juu ya urithi wa maradhi ambayo leo huitwa skizofrenia. Alizihesabu familia moja moja, akitaraji kuikuta kanuni nyepesi kama ile aliyoiona Mendel katika njegere. Hakuikuta. Maradhi yaliandama baadhi ya koo, lakini ndugu wengi wa wagonjwa walikuwa wazima.

Hapo palihitaji subira, ikaja sheria. Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler iliamuru wafungwe uzazi waliodaiwa kuwa na maradhi ya kurithi, na Rüdin akashiriki kuuandika ufafanuzi wake rasmi. Watu wapatao 400,000 walifungwa uzazi. Kisha yakafuata mauaji: kufikia Agosti 1941, wagonjwa na walemavu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi. Maradhi yenyewe hayakutoweka.

Jibu lilichelewa. Mwaka 2014 wanasayansi wa nchi nyingi walilinganisha vinasaba vya wagonjwa wapatao 37,000 na vya watu 113,000 wasiougua, wakabaini sehemu 108 zinazohusiana na skizofrenia, nyingi zikiongeza hatari kwa kiasi kidogo mno. Lakini sehemu hizo hufanya nini mwilini? Mwaka 2016 kundi la watafiti wa Marekani, akiwamo Steven McCarroll na Beth Stevens, lilifuatilia jeni iitwayo C4. Katika damu, protini yake huvitia alama vijidudu ili viangamizwe. Ubongoni, huvitia alama viungo baina ya seli za neva ili vipogolewe. Ubongo wa kijana hupogolewa kama mti. Huenda kwa wengine shoka huzidisha, na ndiyo sababu maradhi huanza ujanani. Hata hivyo, wengi waliorithi aina za jeni hiyo zinazoongeza hatari hawaugui kamwe.

Kwa kuwa sampuli nyingi zilitoka kwa watu wa asili ya Ulaya, utafiti wa NeuroGAP-Psychosis ulikusanya mate ya watu wa Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Kabla ya kutoa mate, kila mshiriki aliulizwa maswali, ihakikishwe ameelewa anachoombwa, na kwamba ana haki ya kukataa. Swali hilo la mwisho, wagonjwa wa Ujerumani ya 1933 hawakuulizwa.