Mapigo ya Moyo Ndani ya Maji

Maji ya chumvi yalikuwa msaidizi wa mwanzo wa elimu ya kupima moyo kwa umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Leiden huko Uholanzi, Willem Einthoven aliunda mtambo wa kunasa umeme hafifu utokao moyoni, mtambo wenye uzito wa kadiri ya kilo 270 uliohitaji watu watano kuuendesha; na mgonjwa aliyeletwa mbele yake alitumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi, umeme wa moyo wake ukapita majini hata ukaufikia uzi mwembamba kupindukia uliopakwa fedha, ukautikisa, na mtikisiko ule ukapigwa picha. Kwa kazi hiyo tukufu alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Ajabu ni kwamba maji hayo hayo, vilipokuja vyombo vidogo vya kuvaliwa mwilini, yakageuka kuwa hasimu.

Kabla ya vyombo hivyo, mwalimu wa kuogelea alikuwa na saa na vidole tu: mwanafunzi hushika ukingo wa bwawa, huugusa mshipa wa shingo chini ya taya, huhesabu mapigo kwa sekunde 10, kisha huzidisha kwa 6. Njia hii ingali hai, nami naistahi, lakini ina ila kubwa, kwani moyo wa mtu mwenye mazoezi hushuka kasi mara tu aachapo kuogelea, basi kinachohesabiwa ni moyo ulioanza kustarehe. Tena hesabu za mkimbiaji hazimfai muogeleaji, kwa sababu mwili uliolala majini na kubanwa na maji hurudisha damu kifuani kwa wepesi, na aghalabu moyo hupiga polepole kuliko nchi kavu.

Faraja ilianzia thelujini. Seppo Säynäjäkangas, mtaalamu wa elektroniki wa Chuo Kikuu cha Oulu nchini Finlandi, aliasisi kampuni ya Polar mwaka 1977, na mwaka 1982 ikatoa kipimo cha moyo kisicho na waya, mkanda wa kifuani ukipeleka habari kwenye saa ya mkononi. Mkanda ule uliingia bwawani kwa taabu. Maji yenye chumvi au dawa hupitisha umeme, yakaivuruga ishara kabla haijashikwa. Na muogeleaji ajisukumapo ukutani wakati wa kugeuka, maji huuvuta mkanda ukateremka tumboni. Zaidi ya hayo, mawimbi ya zamani yaliyopeleka habari kwenye saa, ya mitetemo kama 5,000 kwa sekunde, yalipenya maji kwa masafa mafupi, ilhali mawimbi mapya ya mitetemo bilioni 2.4, yaliyosifiwa sana nchi kavu, humezwa na maji baada ya sentimita chache tu. Mwaka 2015 kampuni ya Garmin ilileta mikanda iliyohifadhi habari ndani yake mpaka mwenyewe atoke majini, ndipo ikaikabidhi saa. Na kwa rai yangu hiyo ndiyo hatua yenye busara kuliko zote, maana haikushindana na maji.

Njia nyingine ni ya nuru. Tangu miaka ya 1930 Alrick Hertzman wa Marekani alikwisha kuonyesha kuwa mwanga ukimulikwa kwenye ngozi hubadilika kwa kila pigo la damu, na saa za leo hutumia nuru ya kijani kwa muradi huo huo. Lakini kifundoni mwa mkono maji hupenya kati ya ngozi na chombo, na mkono wenyewe hautulii. Hind Hobeika wa Lebanoni, mhandisi aliyekuwa muogeleaji wa chuo kikuu huko Beirut, akaihamishia kazi hii kwenye panja, mahali ambapo mshipa u karibu na ngozi na miwani ya kuogelea hubana vema. Wazo hilo alilishindania mwaka 2010 huko Qatar, katika mashindano ya wavumbuzi wa Kiarabu yaitwayo Stars of Science, na baadaye likaitwa Instabeat: taa ndogo za rangi mbalimbali ndani ya miwani, zimwonyeshe muogeleaji mwenendo wa moyo wake angali akipiga mikono, pasi na kusimama ukingoni.