Unyafuzi Mulago: Kutoka Sindano hadi Chungu cha Nyumbani, 1913–1965

Historia ya tiba ya watoto mjini Kampala inaonyesha kwamba jina ambalo tabibu huupa ugonjwa huamua pia dawa, mahali pa kuitolea na mtu wa kuitoa. Mfano ulio wazi ni unyafuzi, yaani kwashakoo.

Hospitali ya Mulago ilianzishwa mwaka 1913 kama kituo cha kutibu kaswende, wakati madaktari wa kikoloni walipoamini kwamba ugonjwa huo umeenea mno Buganda. Katika mazingira hayo, mtoto mwenye miguu iliyovimba, ngozi inayobambuka na nywele zilizopauka aliweza kudhaniwa kuwa amerithi kaswende, au kwamba ana safura. Waganda, kwa upande wao, waliita hali hiyo *obwosi* na kuihusisha na mimba mpya ya mama. Neno *kwashiorkor*, ambalo Cicely Williams alilitoa katika lugha ya Ga ya Ghana na kulichapisha mwaka 1935, lilikaribiana na maana hiyo: maradhi ya mtoto anayeachishwa ziwa kwa kuja kwa mdogo wake.

Hugh Trowell, daktari wa Mulago tangu miaka ya 1930, alisaidia kuthibitisha kwamba chanzo kilikuwa lishe. Kitabu alichoandika pamoja na J. N. P. Davies na R. F. A. Dean kilitoka mwaka 1954. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta yaliokoa watoto wengi wodini. Hata hivyo, tiba hiyo iliacha funzo lisilokusudiwa, kwamba afya ya mtoto hutoka hospitalini, ilhali nyumbani alisubiriwa na chakula kilekile.

Kituo cha Mwanamugimu, kilichofunguliwa Mulago mwaka 1965, kiligeuza utaratibu huo. Mama alipika mwenyewe *ekitobero*, mchanganyiko wa vyakula vya kwao kama vile matoke, maharagwe na karanga, akamwona mwanawe akinenepa bila sindano. Tiba ikawa darasa.

Mtoto mahututi bado huhitaji wodi. Lakini mwongozo wa zahanati unaoishia kwenye utambuzi na dawa huacha kazi nusu. Mpango wa matibabu hukamilika unapotaja chakula ambacho mlezi ataweza kukipata na kukipika baada ya mtoto kuruhusiwa.