Somo la Historia: Kosa la Kutopima, 2014

Wanafunzi wa Soweto, Moshi, fungueni madaftari.

Mkulima wa Kilimanjaro apelekapo kahawa chamani, karani haandiki kilo alizotajiwa kwa mdomo. Hupima kwanza kwa mizani. Leo tutasoma habari za programu isiyopima.

OpenSSL ni programu inayoficha maneno ya siri yasisomwe njiani katika intaneti. Waandishi wengi wa programu huiazima, hawatungi yao. Mwezi wa Machi 2012 ilitolewa OpenSSL mpya, nayo ilikuwa na kosa.

Kompyuta moja iliweza kuiuliza nyingine: "Upo? Nirudishie neno 'ndizi', herufi 5." Nayo ilirudisha. Lakini mwivi alipotuma "ndizi" akasema ni herufi 64,000, kompyuta haikuhesabu. Ilirudisha "ndizi" pamoja na mambo yaliyowekwa karibu nalo, hata majina ya watu na maneno yao ya siri.

Kosa lilikaa miaka 2. Neel Mehta wa Google aliligundua, na wataalamu wa Codenomicon, Ufini, pia waliligundua peke yao. Tarehe 7 Aprili 2014 lilitangazwa kwa jina la Heartbleed, na programu iliyosahihishwa ikatolewa. Hata hivyo, huko Kanada ofisi ya kodi iliibiwa namba za bima za watu kama 900.

Watu waliambiwa wabadili maneno ya siri, lakini baada ya kompyuta kutengenezwa. Kabla ya hapo, mwivi angeliiba hata neno jipya.

Sasa andikeni: Kipimo cha mdomo hakitoshi, pima. Kwaherini.