Kinu Mwenyeji, Kiungo Mgeni

Katika jiko la mwambao, kiungo ni mgeni na kinu ni mwenyeji. Ushahidi wake umo ndimini mwa kila mpishi. Karafuu na bizari ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na ndani ya mdalasini limejificha jina la Kiajemi lenye maana ya mti wa China. Bali kinu, mchi na kutwanga ni maneno ya Kibantu. Wenyeji walikuwa wakitwanga nafaka zao tangu zama, na viungo viliposhushwa majahazini vilikuta chombo kimekwisha kuchongwa, kinangoja.

Chombo cha pili ni jiwe. Kutwanga ni kazi ya pigo: mchi huinuka na kushuka, kiungo kikavu kikapasuka na harufu yake ikatoka. Kusaga ni kazi ya msuguano: kiungo hulazwa juu ya jiwe bapa, kikanyunyiziwa maji, na jiwe la mkononi likapita juu yake mpaka kiwe laini. Jiwe lina vitundu vidogo vidogo, na humo huweka siri. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa mawe ya kusagia yaliyofukuliwa Óc Eo, mji wa kale wa biashara kusini mwa Vietnam, ambayo umri wa baadhi yake unakaribia miaka 2,000. Wachunguzi walikuta mabaki ya viungo vinane, miongoni mwake manjano, tangawizi, kungumanga, mdalasini na karafuu. Zama hizo karafuu ikiota katika visiwa vya Maluku peke yake. Ilikwisha kuvuka bahari na kusagwa ugenini karne nyingi kabla mche wake haujatiwa katika udongo wa Unguja.

Mche huo ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya utawala wa Seyyid Said mashamba yakaenea hata Unguja na Pemba zikawa mashuhuri duniani kwa karafuu. Habari za bei, meli na masultani zimeandikwa sana. Habari za mikono iliyoshika mchi hazikuandikwa, kwa kuwa mikono hiyo ilikuwa ya wanawake, na katika nyumba za wenye uwezo wengi wao walikuwa watumwa. Amri ya mwaka 1897 iliwafungulia watumwa wa Unguja na Pemba njia ya kudai uhuru wao, lakini masuria waliachwa nje ya haki hiyo hadi 1909. Harufu iliyosifiwa sebuleni ilianzia uani, katika jasho la mtu asiyeulizwa.

Lugha nayo haikukiacha kinu mahali pake. Ngamia alipofungwa kuzunguka ili kukamua mafuta ya ufuta na nazi, mtambo ule nao ukaitwa kinu. Leo hata mtambo wa kuzalisha nguvu za nyuklia huitwa kinu. Jina la gogo lililochongwa limepanda daraja; mwenye kutwanga hakupanda nalo.

Kisha ikaja blenda. Kazi iliyochukua sehemu kubwa ya asubuhi sasa humalizika kabla maji hayajachemka. Wapo wanaolalamika kwamba bizari ya mashine haina ladha, na hawakosei kabisa, maana joto la kisu kinachozunguka kwa kasi hupukusha sehemu ya mafuta yanayobeba harufu. Hata hivyo, mwepesi wa kuulilia mchi ni yule asiyepata kuushika. Mabega yaliyopumzika ni faida, na faida hiyo haifai kubezwa kwa ajili ya mchuzi.

Kinachopotea ni kitu kingine. Jiwe la Óc Eo halikusahau lilichosaga. Kisu cha blenda huoshwa kikang'aa, kisibakishe kitu. Kumbukumbu iliyokuwa ikiwekwa na jiwe sasa ni amana ya watu wenyewe: waulizwe wakongwe wangali hai, ni nani aliyetwanga, alimtwangia nani, na alipata nini katika chungu kile.